Salí, me fui, dejé: jinsi ya kusema uliondoka mahali kwa Kihispania

Wanaoanza Kihispania huku Nyanda za Juu Kusini hukwama sehemu zilezile. Awe muongoza watalii anayerudi Ruaha na wageni wa Madrid, awe binti wa mapokezi hotelini Iringa, awe kijana wa Tukuyu anayejiandaa kwenda kusoma Cuba, maswali hayabadiliki. "Niliondoka" ni *salí*, *me fui* au *dejé*? Kwa nini nimesema ni mimi niliyeondoka, mgeni akaelewa ni mtu mwingine? Mbona nimemwambia basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, akaandika mchana?

Mwongozo huu unajibu hayo tu. Kiswahili chako kinakusaidia sana hapa, maana tofauti nyingi za wakati uliopita wa Kihispania unazo tayari mdomoni. Yanayokuangusha ni mambo machache, nayo yametiwa alama ya TAHADHARI.

Kabla hujaanza

- Daftari na kalamu za rangi mbili. Rangi moja ni ya vitenzi, nyingine ni ya neno *de* na viwakilishi (*me, te, se*).
- Simu yenye kinasa sauti. Kwenye mipangilio ya kibodi ongeza Español, ili ukibonyeza herufi *e* na kuishikilia upate *é*.
- Maneno haya uwe umeshayazoea: *casa, trabajo, hotel, mercado, ayer, anoche*, siku za wiki, na kuhesabu hadi 60.
- Dakika 30 kwa siku, kwa wiki moja. Usimalize hatua zote siku moja. Hatua ya 2 na ya 3 peke yake zinastahili siku mbili.

Hatua ya 1: Chagua kitenzi

Kiswahili kinaridhika na "kuondoka" na "kutoka". Kihispania kinakulazimisha uchague, na ukichagua vibaya sentensi inabadilika maana.

*Salir de* ni kutoka ndani ya mahali, au kuanza safari. Umetoka nyumbani, umetoka ofisini, basi limetoka stendi. *Salí del mercado a las diez*: nilitoka sokoni saa nne.

*Irse (de)* ni kuondoka ukawa haupo tena. Uzito uko kwenye kutokuwepo, si kwenye mlango uliopita. Ukitaka kuionja ladha yake, fikiria tunavyosema "akajiondokea zake". Ndiyo *se fue* hiyo. Tena *irse* inasimama bila kutaja mahali: *Se fue*, ameondoka, hayupo.

*Dejar* ni kuacha mahali, mara nyingi kwa kuhama au kwa muda mrefu. *Dejé Mbeya en 2019*: niliiacha Mbeya mwaka 2019. Kitenzi hiki hakitaki *de* kabla ya mahali.

*Partir* utaisoma kwenye ratiba, kwenye habari na kwenye barua rasmi. Mitaani haitumiki sana. *Marcharse* ni sawa na *irse*, utaisikia zaidi Hispania. *Abandonar* ni nzito: kuondoka kwa lazima, kutelekeza, au lugha ya matangazo ya hoteli. Zielewe ukizisikia, lakini kwa kuzungumza shika *salir, irse* na *dejar*.

TAHADHARI: *Dejé de* ni kitu kingine kabisa. *Dejé de trabajar* maana yake niliacha kufanya kazi. Kwa hiyo *Dejé de Iringa* haina maana yoyote. Sema *Dejé Iringa* au *Me fui de Iringa*.

TAHADHARI: *Salí anoche* bila kutaja mahali humaanisha nilitoka jana usiku kwenda kujiburudisha. Na *salí con Juan* inaweza kueleweka kwamba ulikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Juan. Kama mliondoka pamoja kikazi tu, sema *Me fui con Juan*, au taja mlikotoka: *Salí del hotel con Juan*.

TAHADHARI: "Natoka Tukuyu" yenye maana ya kwetu ni Tukuyu, ni *Soy de Tukuyu*. Ukisema *Salgo de Tukuyu*, mgeni ataelewa kwamba ndiyo kwanza unaanza safari.

Hatua ya 2: Andika maumbo ya wakati uliopita

Wakati tunaouhitaji kwanza unaitwa *pretérito*. Andika hivi kwenye daftari, kila nafsi mstari wake:

- mimi: *salí / me fui / dejé*
- wewe: *saliste / te fuiste / dejaste*
- yeye (na *usted*, yaani "wewe" ya heshima): *salió / se fue / dejó*
- sisi: *salimos / nos fuimos / dejamos*
- ninyi, kwa Hispania: *salisteis / os fuisteis / dejasteis*
- wao (na *ustedes*): *salieron / se fueron / dejaron*

Amerika ya Kilatini hawatumii ule mstari wa tano. Kwao "ninyi" ni *ustedes*, na kitenzi ni cha mstari wa sita. Kama wageni wako wengi wanatoka Mexico au Kolombia, usipoteze muda na *salisteis*.

Ile *g* ya *salgo* (natoka) haiji huku kwenye wakati uliopita. Hakuna *salgí*, hakuna *salgué*.

*Salimos* na *dejamos* zinafanana kwa wakati uliopo na uliopita. Kinachotofautisha ni neno la wakati, kwa hiyo liweke mbele: *Ayer salimos de Mafinga*.

TAHADHARI: Hapa ndipo Waswahili wengi tunapoanguka. Kiambishi chetu cha kujirejea ni kimoja kwa nafsi zote: niji, uji, aji, tuji. Hakibadiliki. Mwanafunzi anakiona *se*, anakifanya kuwa *-ji-*, kisha anakitia kila mahali: *yo se fui, nosotros se fuimos*. Kihispania kinabadilisha: *me, te, se, nos, os, se*. Ziandike kwa ile rangi ya pili na uzikariri zikiwa zimeshikana na kitenzi, kama neno moja: *mefui, tefuiste, sefue*. Ukikariri *fui* peke yake utaisahau *me* siku utakapoihitaji.

Tena *me* ikidondoka, maana inageuka. *Fui* hutumikia vitenzi viwili, *ir* (kwenda) na *ser* (kuwa):

- *Fui a Iringa*: nilienda Iringa.
- *Fui guía*: nilikuwa muongoza watalii.
- *Me fui de Iringa*: niliondoka Iringa.
- *Me fui a Iringa*: niliondoka nikaenda Iringa.

Kukanusha ni kuweka *no* mbele ya kiwakilishi na kitenzi: *No me fui*, sikuondoka. Usiiweke katikati (*me no fui*).

Hatua ya 3: Sogeza mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Mdomo wako umezoea hivyo tangu utotoni, ndiyo maana hatua hii haipiti kwa kusoma kwa macho. Soma kwa sauti:

- *dejo* = DE-jo: naacha
- *dejó* = de-JO: aliacha

Mtu wa Mbeya akitamka *dejó* kwa mdundo wa Kiswahili, anayemsikiliza anasikia "naacha". Nafsi imebadilika na wakati umebadilika, kwa kosa la mkazo tu. *Salí* (sa-LI) na *salió* (sa-LYO) nazo zina mkazo mwishoni. *J* itamke kama *kh* ya "kheri", au *h* nzito kidogo.

*Fui* na *fue* ni silabi moja moja: fwi, fwe. Haziandikwi alama ya mkazo (´). Ukikutana na *fuí* kwenye kitabu cha zamani, ni tahajia iliyokuwepo kabla ya mabadiliko ya mwaka 1959 ya Real Academia Española, taasisi inayosimamia tahajia ya Kihispania. Usiige.

Zoezi: rekodi maneno manne, *salí, salió, dejé, dejó*, mara kumi. Sikiliza kesho yake asubuhi, si palepale. Ukisikia mkazo umerudi mwanzoni, rudia huku ukigonga meza kwa kidole kwenye silabi ya mwisho.

Hatua ya 4: Tia *de*, kisha angalia kinachofuata

Kwetu "niliondoka Mbeya" imekamilika. Kihispania kinadai *de*: *Salí de Mbeya, me fui de Mbeya*. *Salí Mbeya* ni kosa.

Chanzo kingine cha makosa ni kile kiambishi cha *-ni*. "Niko nyumbani", "naenda nyumbani", "nimetoka nyumbani": *-ni* ileile, na kitenzi ndicho kinachoamua. Kihispania hakiamini kitenzi peke yake:

- *Estoy en casa*: niko nyumbani.
- *Voy a casa*: naenda nyumbani.
- *Salí de casa*: nilitoka nyumbani.

Ukijikuta umesema *salí en casa*, ni *-ni* imekuponyoka.

*De* ikikutana na *el* zinaungana: *del mercado, del hotel, del parque*. *De la* haziungani: *de la oficina, de la terminal*. Majina ya miji huja bila kitu katikati: *de Njombe, de Makambako*. Ila nchi ambayo *El* ni sehemu ya jina lake haiunganishwi: *Salí de El Salvador*.

*Salí de casa* ni kutoka kwako unakoishi. *Salí de la casa* ni kutoka kwenye jengo la nyumba fulani.

Hatua ya 5: Geuza saa

Hatua hii ni fupi lakini makosa yake yanagharimu, maana mtu anaweza kukosa gari. Kihispania kinahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Tofauti ni saa sita. Angalia saa ya ukutani: namba inayotazamana na ile ya kwetu ndiyo ya kwao. Kumi na mbili inatazamana na sita, moja inatazamana na saba.

- saa kumi na moja alfajiri: *a las cinco de la mañana*
- saa kumi na mbili na robo asubuhi: *a las seis y cuarto de la mañana*
- saa mbili kasorobo asubuhi: *a las ocho menos cuarto de la mañana*
- saa saba mchana: *a la una de la tarde*

Saa saba inachukua *la*, nyingine zote *las*. "Kasorobo" na *menos cuarto* zinalingana vizuri, kwa hiyo hiyo haitakusumbua. Mexico wao husema *un cuarto para las ocho*.

Siku hazitaki *en*. Jumatatu niliondoka: *El lunes me fui*. Na "usiku wa kuamkia Jumanne" usiutafsiri neno kwa neno. Sema *la noche del lunes*.

Hatua ya 6: Amua wakati kwa kusikiliza Kiswahili chako

Sema kwanza sentensi yako kwa Kiswahili, kisha angalia kiambishi.

*-li-* na *-ka-* ni *pretérito*. "Nilitoka nyumbani, nikapanda bajaji, nikafika stendi": *Salí de casa, tomé un bajaj, llegué a la terminal*. Kila *-ka-* ya masimulizi ipe *pretérito* bila wasiwasi. Kanuni hii moja inatosha kusimulia safari nzima.

*-me-* inategemea unaongea na nani. Sehemu kubwa ya Hispania, jambo la leo au lenye athari hadi sasa huwa *ha* (kwa mimi ni *he*) pamoja na *-ido* (kwa *dejar* ni *-ado*): *Se ha ido*, ameondoka. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini watasema *Ya se fue*. Zote sahihi. Chagua moja uishike.

"Nimetoka sasa hivi" ina njia yake: *Acabo de salir*.

*-ja-* ya kukanusha: "bado sijaondoka" ni *Todavía no me he ido*.

"Nilikuwa naondoka", yaani nilikuwa katikati ya jambo ndipo kingine kikatokea, ni *me iba* au *estaba saliendo*: *Me iba cuando empezó a llover*. Mazoea ya zamani nayo huenda hukohuko: *Salía de casa a las seis todos los días*, nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili kila siku.

"Nilikuwa nimeshaondoka" ni *ya me había ido* au *ya había salido*. Hapa lugha mbili zinakubaliana kabisa, zote zinapanda ngazi moja nyuma.

TAHADHARI: Baada ya "kabla" sisi tunakanusha: "kabla sijaondoka". Kihispania hakikanushi. *Antes de irme*, basi. Usitie *no*. Na pale mwishoni kiwakilishi kinafuata nafsi: *antes de irme, antes de irte, antes de irse, antes de irnos*. "Baada ya kuondoka" inakwenda hivyohivyo: *después de irme*.

Hatua ya 7: Andika safari moja, kisha ichambue

Chukua safari uliyosafiri kweli. Huu ni mfano wa kwenda Iringa kwa basi:

*El lunes salí de casa a las cinco de la mañana. Todavía estaba oscuro y hacía frío. Tomé un bajaj hasta la terminal. El autobús salió de Mbeya a las seis. Cuando pasábamos por Makambako, empezó a llover. Bajé en Iringa a la una de la tarde. Mi hermana ya se había ido del trabajo, así que fui directamente a su casa. El jueves, antes de irme, le dejé un saco de papas. Me fui de Iringa a las dos.*

Kwa Kiswahili: Jumatatu nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Bado kulikuwa giza na baridi. Nikachukua bajaji hadi stendi. Basi likatoka Mbeya saa kumi na mbili. Tulipokuwa tunapita Makambako, mvua ikaanza. Nikashuka Iringa saa saba mchana. Dada yangu alikuwa ameshaondoka kazini, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwake. Alhamisi, kabla sijaondoka, nikamwachia gunia la viazi. Nikaondoka Iringa saa nane.

Sasa itazame kwa karibu. Giza na baridi (*estaba, hacía*) ni hali, wala si tukio, ndiyo maana hazikupata *pretérito*. *Pasábamos* ni jambo lililokuwa likiendelea mvua ilipoingia. *Salió* ya basi ina mkazo mwishoni, na ni *salir* kwa sababu gari linaanza safari. Dada alikuwa hayupo tena ofisini, kwa hiyo *irse*, tena ngazi moja nyuma: *se había ido del trabajo*. *Fui* baada yake haina *me*, maana ni kwenda tu. *Dejé* hapa ni kumwachia mtu kitu, matumizi ambayo utayahitaji sana: *Dejé la llave en la recepción*, niliacha ufunguo mapokezi.

Tumia *tomar* kwa kupanda bajaji au basi. *Coger* ni ya kawaida Hispania, lakini nchi nyingi za Amerika ya Kilatini ni tusi. Viazi ni *papas* upande huo, Hispania ni *patatas*. "Bajaj" mgeni hataielewa akiwa hajawahi kufika huku. Mwelezee *taxi de tres ruedas*.

Andika yako sentensi nane hadi kumi. Pigia mstari vitenzi kwa rangi ya kwanza, na *de, del, me, se* kwa rangi ya pili. Sentensi ya kuondoka isiyo na rangi ya pili irudie, isipokuwa kama ina *dejar*, au gari lenyewe ndilo limetoka bila kutajwa mahali.

Hatua ya 8: Jibu maswali kwa mdomo

Mwenzako akuulize haya matatu bila mpangilio, ujibu ndani ya sekunde tano:

- *¿A qué hora saliste de casa?*
- *¿Por qué te fuiste?*
- *¿Cuándo dejaste Mbeya?*

Sikiliza kitenzi alichouliza, ukijibu kihamishe nafsi tu: *saliste* inakuwa *salí*, *te fuiste* inakuwa *me fui*. Kwa mgeni anayekuzidi umri au mteja, wewe ukiuliza tumia *usted*: *¿A qué hora salió del hotel?* Ni heshima ileile unayompa mtu kwa shikamoo, na Kolombia kwa mfano wanaijali sana.

Mambo yakienda kombo

*Mgeni anauliza "¿Quién?"* Umetamka *salió* badala ya *salí*, au *se fue* badala ya *me fui*. Rudi Hatua ya 3. Wakati unaendelea kujifunza, ongeza *yo*: *Yo salí*. Si lazima kisarufi, lakini inaokoa.

*Mgeni anauliza "¿Adónde?"* Umesema *fui* bila *me*. Amesikia "nilienda", anasubiri umwambie wapi.

*Mgeni anauliza "¿Qué dejaste?"* Umesema *dejé* ukaishia hapo. *Dejar* haisimami peke yake kama *irse*. Itajie mahali au kitu.

*Programu ya kutafsiri inakupa* dejé *kila ukiandika "niliondoka".* Tafsiri ikipitia Kiingereza, neno moja la huko hubeba kuondoka na kuacha pamoja. Andika sentensi nzima yenye mahali na saa, kisha linganisha na Hatua ya 1 kabla hujaitumia.

*Umejifunza* se fue, *mwalimu wa Hispania anakusahihisha kuwa* se ha ido. Hukukosea. Kwake yeye jambo la leo linadai *ha*. Kwa mambo ya jana na juzi, yeye pia atasema *se fue*.

*Unajua yote kwenye daftari, mdomoni hayatoki.* Punguza. Wiki ya kwanza tumia sentensi mbili tu, *Salí de casa a las…* na *Me fui del trabajo a las…*, ukizijaza saa za kweli za siku hiyo kila jioni. Zikishatoka bila kufikiri, ongeza *cuando*, halafu *antes de irme*.